Mwananchi na Mwanachama: Msamiati wa Kazi katika Njia ya Misafara ya Tabora



1.0 Utangulizi

Awali ya yote, nawashukuru walionialika kutoa mhadhara huu katika mji ulionizaa. Mtu aliyezaliwa Tabora akirudi akiwa na mvi, hutarajiwa asimulie habari za zamani. Nitazisimulia, lakini kwa ajili ya jambo la leo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikikusanya msamiati wa kilimo cha tumbaku katika vijiji vya magharibi mwa mji huu. Siku moja nilimkuta kijana akipanga majani ndani ya bani la kukaushia. Alikuwa amevuka mpaka kutoka Burundi kabla ya mvua za kwanza. Katika mazungumzo nilimuuliza mshahara wake ni kiasi gani. Alinitazama kama mtu asiyelielewa swali, kisha akasema kwamba mshahara hana. Yeye anangoja tumbaku iuzwe. Niliandika jibu hilo katika daftari langu, upande wa msamiati. Nilipolisoma tena jioni niliona kwamba nilikuwa nimeliandika mahali pasipo pake.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tunaifundisha shuleni kama sifa ya kazi. Mwanaisimu, hata hivyo, hana budi kusikiliza pia yale ambayo usemi hauyasemi. Methali inamtaja mgeni, inazitaja siku, inalitaja jembe. Ujira haukutajwa.

Hoja yangu ni hii. Wenyeji wa Tabora walikuwa wageni wa kazi katika nchi za watu kabla ya kuwa wenyeji wanaowapokea wageni wa kazi. Msamiati wa Kiswahili umehifadhi kumbukumbu ya yale waliyoyadai walipokuwa ugenini. Tukiisoma kumbukumbu hiyo vizuri, tutaona kwamba haki anayoikosa mgeni wa leo ni ile ile mababu zetu waliyoipigania njiani.

2.0 Msafara kama mahali pa kazi

Katika karne ya 19 njia kuu ya biashara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 na kuwasili hapa Novemba mwaka huo huo. Kila kitu kilichopita njia hiyo, yaani pembe za ndovu, nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba, kilipita juu ya bega la mtu.

Mtu huyo aliitwa mpagazi. Neno hilo linatokana na kitenzi pagaa, yaani kubeba begani. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichotupa pagawa, hali ya mtu aliyepandwa na pepo. Wanyamwezi waliifanya kazi ya upagazi kuwa taaluma. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, ameonyesha kwa ushahidi mwingi kwamba wengi wao walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi, heshima na masharti yao. Hata jina Wanyamwezi lilikuzwa na kuenezwa na watu wa pwani. Huko Bagamoyo na Unguja wao ndio waliokuwa wageni wa kutoka bara.

Nisieleweke vibaya. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, na si kila aliyebeba mzigo aliubeba kwa hiari. Msafara haukuwa chama cha wafanyakazi. Lakini katika misafara ya watu huru palikuwa na mambo ambayo mwanachama yeyote wa leo angeyatambua: uzito wa mzigo ulijulikana, ujira ulipatanwa kabla ya safari, na sehemu yake ililipwa mapema.

Tazameni maneno matatu yaliyozaliwa au kukomaa katika kazi hiyo.

La kwanza ni kirangozi, kama wasafiri wa Kizungu walivyoliandika, ambalo kamusi za zamani zinaliweka pamoja na kiongozi. Kirangozi alitangulia mbele, na mwenzake hakuruhusiwa kumpita. Mamlaka yake yalitokana na kuijua njia na kukubaliwa na wale waliomfuata.

La pili ni mnyapara, kutoka Kinyamwezi, ambako lilimtaja mzee au mkuu wa kundi. Mnyapara wa msafara alitoka miongoni mwa watu aliowasimamia, na aliwasemea mbele ya tajiri. Leo neno hilo linamtaja msimamizi anayesimama juu ya vibarua, au juu ya wafungwa. Mzee wa watu amegeuka kuwa jicho la mwajiri. Mimi naliita badiliko la namna hii uporaji wa maana.

La tatu ni posho. Hii ilikuwa haki ya mpagazi ya kula, na ilitolewa mara nyingi kwa nguo au shanga ili mwenyewe anunue chakula njiani. Ilipocheleweshwa, msafara ulisimama. Katika Uganda na Kenya neno hili limebaki na unga. Huku kwetu limepanda cheo: sasa linadaiwa na wajumbe wa vikao, na sisi wahadhiri tumo. Sina nia ya kuwalaumu wenzangu. Nataka tu tukumbuke kwamba tunapodai posho, tunatumia neno lililopiganiwa na mtu aliyekuwa na mzigo begani.

3.0 Utoro au mgomo?

Sasa nije kwenye neno linalonisumbua zaidi. Vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 vimejaa malalamiko juu ya wapagazi waliotoroka. Katika Kiswahili mtu huyo aliitwa mtoro, neno lililotumika pia kwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na ambalo leo tunalitumia kwa mtoto asiyehudhuria masomo.

Tuchunguze matumizi haya. Mtumwa anapokimbia, hakuna mkataba uliovunjwa, kwa sababu hakukuwa na makubaliano. Mpagazi huru anapoweka mzigo chini, jambo ni tofauti kabisa. Huenda posho haikutolewa. Huenda safari ilirefushwa kuliko walivyopatana. Huenda mvua zilikuwa zinakaribia na shamba lake nyumbani lilimngoja. Wapagazi wengi walikuwa wakulima, na waliipanga safari kwa kufuata majira ya kilimo. Mara nyingi hawakuondoka mmoja mmoja; walikataa kwa pamoja kunyanyua mizigo hadi jambo lao lisikilizwe.

Tendo hilo la pamoja kwa Kiswahili cha leo ni mgomo. Lakini aliyeandika kitabu ni tajiri wa msafara, naye alichagua neno utoro. Kwa kuchagua neno la mtumwa alilifuta patano. Utawala wa kikoloni ukalichukua neno pamoja na maana yake: sheria ya mwaka 1923 ya Tanganyika juu ya mabwana na watumishi wa Kiafrika ililifanya tendo la kuacha kazi kabla ya muda kuwa kosa la jinai.

Wanafunzi wanaopenda kusikia upande wa pili wa masimulizi wasome habari za safari zilizoandikwa na Waswahili wenyewe na kuchapishwa na Carl Velten mwaka 1901, pamoja na maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia kwa lugha yake. Hata humo watakuta zaidi sauti ya mwenye mali kuliko ya mwenye mzigo. Mpagazi hakutuachia kitabu. Ametuachia maneno.

4.0 Kutoka jina hadi namba

Reli iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya upagazi ikafa taratibu, lakini njia haikufa; iligeuzwa mwelekeo wa kubeba watu. Mabehewa yalichukua Waha, Warundi na Wanyamwezi kuwapeleka katika mashamba ya mkonge ya mashariki. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, SILABU.

Msamiati wa enzi hiyo una tabia moja: mtu haitwi kwa kazi anayoifanya, anaitwa kwa kitu anachopewa. Aliyeandikishwa na kupewa namba akawa manamba. Karatasi iliyowekwa alama kila alipomaliza kazi ya siku iliitwa kipande, na mshahara haukutolewa mpaka siku 30 za kazi zitimie humo. Siku ambayo kazi aliyopimiwa haikukamilika, alama haikuwekwa. Kabla ya hapo, Unguja ilikuwa imekwisha kutupa kibarua, yaani barua ndogo. Miongoni mwa waliofanya kazi kwa utaratibu huo walikuwamo watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na ujira wao ukagawanywa.

Wanafunzi wa sarufi wataona jambo la kupendeza hapa. Kibarua akiwa mtu, upatanisho wake ni wa ngeli ya A-WA: kibarua amefika, vibarua wamefika. Kikiwa kazi, upatanisho hurudi KI-VI: kibarua chake kimeota nyasi. Umbo ni moja, lakini sarufi inakataa kumchanganya mtu na kazi yake. Naona katika hilo hekima ambayo waandishi wa mikataba wangeweza kujifunza.

Watu wa namba walijipatia tena majina kupitia vyama. Mgomo uliotokea bandarini Dar es Salaam mwezi Septemba 1947 ulienea bara kwa kufuata reli. Mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, na katibu mkuu wake akawa Rashidi Kawawa, aliyesoma katika shule ya serikali hapa Tabora. Vyama vya wakati huo vilikusanya watu wa makabila mengi, na katika mashamba ya mkonge hata watu waliotoka nje ya mipaka. Lugha yao ya mkutano ilikuwa Kiswahili, kama ilivyokuwa lugha ya msafara. Mwaka 1964 vyama viliunganishwa kuwa kimoja, NUTA, kikafuatiwa na JUWATA. Na sheria ya mwaka 1998 ikafungua tena mlango wa vyama huru.

5.0 Mji wa wapagazi umekuwa mji wa waajiri

Urambo, makao ya Mtemi Mirambo aliyefariki mwaka 1884, ilikuwa moja ya sehemu tatu za mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Karanga ziliposhindikana, tumbaku ilishika nafasi, na hatimaye ikawa zao la wakulima wadogo wa mkoa mzima. Tumbaku inataka mikono mingi: kitalu, matuta, kuchuma, kufunga, kukausha, kuchambua. Mikono hiyo hutoka Kigoma, na hutoka Burundi.

Hapa neno moja, Warundi, linaficha watu wa aina nyingi. Wako waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kupelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, pamoja na watoto na wajukuu wao. Zaidi ya 160,000 kati yao walipewa uraia, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Hao ni Watanzania. Wako wakimbizi wa miaka ya karibuni. Wako wanaovuka mpaka kwa msimu mmoja na kurudi. Tena wako Waha, Watanzania wa kuzaliwa, ambao lugha yao inafanana na Kirundi kiasi kwamba sikio lisilozoea haliwezi kutofautisha. Wote hao, wakikaa pamoja chini ya bani moja, huitwa kwa jina moja. Na jina hilo likifuatwa na maneno mhamiaji haramu, mazungumzo ya ujira hukoma. Kuvuka mpaka bila kibali ni tendo, na sheria ina adhabu yake. Lakini kivumishi haramu hakikai juu ya tendo, kinakaa juu ya mtu, kana kwamba jasho lake nalo ni haramu.

Nirudi kwa kijana wangu. Kwa nini aliniambia hana mshahara? Neno mshahara limetoka Kiarabu, kwenye shina linalomaanisha mwezi: ni malipo ya kila mwezi. Kijana yule alikuwa sahihi kuliko profesa. Aliahidiwa malipo ya msimu, yatolewe tumbaku itakapouzwa. Kwa miezi mingi anakula kwa mwenye shamba na kukopa kwake. Mauzo yakifika, bei ikiwa mbaya au mkopo wa pembejeo ukiwa mkubwa, mkulima naye hupokea kidogo. Hapo ndipo makubaliano ya mdomo huanza kukumbukwa kwa namna mbili.

Sitaki kumfanya mkulima kuwa adui. Mara nyingi naye ni maskini. Lakini kuna tofauti moja kati yao. Mkulima ni mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika, na kupitia chama hicho anaweza angalau kulalamikia bei. Mfanyakazi wake si mwanachama wa chochote.

6.0 Mwananchi na mwanachama

Tuyatazame maneno mawili yaliyomo katika anwani ya mhadhara huu. Yote yamejengwa kwa mwana, neno la ukoo: mwana wa nchi, mwana wa chama. Umbo ni la aina moja, lakini uwana huu haupatikani kwa njia moja. Mwananchi hutambuliwa kwa kuzaliwa au kwa cheti. Mwanachama hutambuliwa kwa kazi na kwa kujiunga.

Sheria yetu inakubaliana na sarufi hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama cha wafanyakazi na kujiunga nacho. Haikusema kila raia. Sheria hiyo hiyo, inapokataza ubaguzi kazini, inataja utaifa miongoni mwa mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo. Mkataba Namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2000, unazungumzia wafanyakazi bila tofauti yoyote. Aidha, sheria ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya masharti ya kazi, na kama mfanyakazi hayaelewi, aelezwe kwa namna anayoielewa. Sharti hilo la mwisho ni sharti la lugha. Ni letu sisi tuliomo katika ukumbi huu.

Basi kwa nini haki haifiki kwenye bani? Kwanza, sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inamtaka mgeni awe na kibali cha kazi, na anayemwogopa afisa uhamiaji hatakwenda kumshtaki mwajiri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Pili, ada ya chama kwa kawaida hukatwa katika mshahara. Asiye na mshahara wa mwezi hana mahali pa kukatwa, na kwa sababu hiyo chama hakimhesabu. Tatu, maneno yenyewe hayajamfikia. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimekuwa lugha ya sheria na mahakama, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini lugha ya sheria si lazima iwe lugha ya bani.

Ninapendekeza mambo matatu. Vyama vya wafanyakazi wa mashambani viwe na ada ya msimu, inayolipwa mara moja baada ya mauzo. Patano la kazi liandikwe kwa Kiswahili chepesi, lisomwe kwa sauti mbele ya pande mbili, kwa Kirundi au Kiha inapohitajika, kisha nakala iwekwe katika chama cha msingi, ili ujira utengwe wakati wa malipo kama unavyotengwa mkopo wa mbolea. Kama deni la mbolea linaweza kukatwa kabla mkulima hajapokea fedha yake, sioni sababu deni la jasho lisubiri nyuma. Na idara zetu zikusanye msamiati wa kazi kutoka kwa wanaoifanya, wala si kutoka kwa wanaoisimamia pekee, tusije tukarudia kosa la waliomwita mgomaji mtoro.

7.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, mpagazi aliyesimama Bagamoyo zaidi ya miaka 150 iliyopita hakuwa mwananchi wa Bagamoyo. Hakuna aliyemuuliza cheti. Alidai aujue uzito wa mzigo, aijue njia, apewe posho yake kwa wakati, na awe na mtu wa kumsemea. Alipokataliwa, aliweka mzigo chini pamoja na wenzake.

Kijana niliyemkuta ndani ya bani hakudai hata kimoja kati ya hivyo. Si kwa sababu havihitaji. Ni kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba katika nchi hii yana majina, na kwamba majina hayo yalitoka hapa hapa Tabora. Siku ya tatu tulimpa jembe. Nadhani siku ya nne imefika, na tunadaiwa.